HOMA ISIYOSHUKA: Jipu la Tezi Dume na Njia ya Kutoa Usaha Bila Kisu Kikubwa



Safari hii ukurasa wetu wa afya tunauelekeza kwa wanaume, hasa wazee wetu, pamoja na wake na watoto wanaowauguza. Tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao si wa kila siku, lakini ukimpata mtu hapa Sericho unaweza kumwua huku jamaa wakidhani ni malaria, au ni ugonjwa wa maziwa. Ugonjwa wenyewe ni jipu linaloota ndani ya tezi dume.

Neno letu leo ni moja: usaha uliofungiwa ndani mara nyingi hauishi kwa vidonge peke yake. Lazima ufunguliwe njia. Na siku hizi njia hiyo hufunguliwa, kwa wagonjwa wengi, bila kumpasua mtu tumbo. Basi hakuna sababu ya mzee kujificha nyumbani kwa kuogopa kisu.

TEZI DUME NI NINI?

Kila mwanamume anayo. Ni tezi ndogo, ukubwa wake ni kama ndimu ndogo, na imekaa chini ya kibofu cha mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi. Njia ya mkojo hupita katikati yake, kama vile uzi unavyopita katikati ya ushanga. Ndiyo maana tezi hii ikivimba, mkojo unabanwa.

Nyuma ya tezi kuna njia ya haja kubwa. Ukuta unaotenganisha viwili hivi ni mwembamba, na kwa sababu hiyo daktari anaweza kuigusa tezi kwa kidole. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Wazee wengi wanajua tezi hii hukua kadiri umri unavyoongezeka. Kukua huko si jipu, wala si saratani. Ni mambo matatu tofauti, ingawa yote yanaweza kumfanya mtu akojoe kwa shida. Jipu lina alama yake: linakuja na homa na maumivu, na linakuja kwa siku chache tu, si kwa miaka.

JIPU LINATOKEAJE HUKO NDANI?

Mara nyingi vijidudu hupanda kutoka kwenye mkojo. Kijidudu kinachopatikana zaidi ni kile kiitwacho Escherichia coli, ambacho makao yake ya kawaida ni matumboni mwetu. Kikiingia kwenye njia ya mkojo huleta shida. Mkojo ukitoka wote, vijidudu husukumwa nje. Mkojo ukibaki kwenye kibofu, unakuwa kama maji ya dimbwi baada ya mto kukauka: yanatuama na kuoza. Vijidudu huongezeka, huingia kwenye tezi, tezi huvimba, na usipotibiwa vizuri ule uvimbe hukusanya usaha.

Njia nyingine ni damu. Mtu anaweza kuwa na jipu la ngozi au kidonda kilichooza, vijidudu vikasafiri kwa damu mpaka kwenye tezi.

Nani yuko katika hatari zaidi? Ni hawa:

- Mwenye ugonjwa wa sukari, hasa kama sukari haijadhibitiwa, au hata hajui kama anayo.
- Aliyewekewa mpira wa mkojo kwa muda mrefu.
- Mzee ambaye tezi yake imekua na mkojo hautoki wote.
- Mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, au mtu mwingine ambaye kinga yake ya mwili imeshuka.
- Mwenye ugonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine.
- Aliyekatwa kipande cha tezi kwa ajili ya kipimo siku za karibuni.

Zamani, kabla ya dawa za antibiotiki, hali ilikuwa tofauti. Madaktari wa wakati huo waliandika kwamba karibu robo tatu ya majipu haya yalitokana na kisonono, na wagonjwa wengi walikufa. Penisilini ilipoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, majipu ya kisonono yakapungua sana. Leo adui mkubwa zaidi ni sukari pamoja na mkojo uliotuama. Lakini kisonono hakijaisha, na kijana asiyekitibu bado anajitafutia shida.

NA UGONJWA WA MAZIWA JE?

Hapa kwetu ni lazima tuulize swali hili. Sisi ni watu wa mifugo, na maziwa mabichi ya ngamia, ng'ombe na mbuzi ni chakula. Ugonjwa wa brusela unapitia humo, na vilevile unampata anayemsaidia mnyama kuzaa au anayeshika mimba iliyotoka. Brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho, maumivu ya viungo na uchovu. Kwa wanaume inaweza kuvimbisha korodani, na mara chache sana huingia mpaka kwenye tezi dume na kuleta jipu.

Lakini kuna hatari ya pili, na hii ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Kila homa isiyoeleweka ikiitwa brusela, mtu anapewa dawa zile zile mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna anayemwuliza anakojoaje. Watafiti waliofanya kazi hapa Kenya wameonyesha kwamba kile kipimo cha haraka cha damu kilichozoeleka katika vituo vingi mara nyingi husema mtu ana brusela ilhali hana. Basi karatasi ikisema "brusela" na dawa zimetumika ipasavyo na homa haijashuka, si wakati wa kuongeza dozi nyingine. Ni wakati wa kutafuta homa inatoka wapi.

DALILI ZA KUANGALIA

- Homa kali, baridi na kutetemeka.
- Maumivu kwenye msamba, yaani pale katikati ya korodani na njia ya haja kubwa. Wengine husema hawawezi kukaa juu ya kigoda.
- Kukojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa kuchoma.
- Maumivu wakati wa haja kubwa, au kiunoni.
- Damu au usaha katika mkojo.
- Mkojo kufunga kabisa.

Si lazima zote ziwepo. Mzee mwenye sukari anaweza kuwa na homa tu na udhaifu. Alama moja kubwa ni hii: mtu ameanza antibiotiki zinazofaa, siku mbili zimepita, na homa haishuki. Daktari akiona hivyo anapaswa kujiuliza, "Je, kuna usaha uliojificha?"

KWA NINI VIDONGE HAVITOSHI?

Wafugaji wanalijua jibu hata bila daktari. Ngamia akiota jipu shingoni, mchungaji anajua kwamba likishaiva, usaha lazima utoke. Huwezi kumchoma ngamia sindano kila siku na kuliacha jipu limejaa, halafu ukashangaa haponi.

Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Dawa husafiri kwa damu. Lakini ndani ya jipu hamna mishipa ya damu. Kuna usaha, umezungukwa na ukuta. Dawa inafika ukutani na kuingia kidogo tu. Vijidudu vilivyo katikati vinabaki salama. Mgonjwa anapata nafuu akiwa anameza dawa, akimaliza, homa inarudi. Na jipu likiachwa linaweza kupasukia kwenye njia ya mkojo, kwenye njia ya haja kubwa au kwenye msamba. Baya zaidi, vijidudu vinaweza kuenea kwenye damu yote. Hapo mtu anaweza kufa kwa muda mfupi.

Hata hivyo tusiseme kupita kiasi. Jipu dogo sana, la chini ya sentimita 1 hivi, linaweza kupona kwa antibiotiki peke yake, mradi mgonjwa aangaliwe kwa karibu na apigwe picha tena. Lililo kubwa, au lisilopungua kwa dawa, hutolewa usaha.

DAKTARI ANALITAMBUAJE?

Kwanza hupima mkojo, sukari na damu, na malaria pia. Halafu huvaa glavu na kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapa ndipo wanaume wengi hukimbia. Ndugu zetu, kipimo hiki ni cha dakika moja. Daktari akigusa polepole anaweza kusikia tezi ina joto, inauma sana, na pengine ina sehemu laini kama tunda lililoiva. Hapaswi kuikanda tezi, maana kukanda kunaweza kusukuma vijidudu kwenye damu.

Baada ya hapo huja picha. Nyingi hupigwa kwa ultrasaundi, mashine ile ile wanayoijua akina mama wajawazito. Ultrasaundi ya juu ya tumbo huonyesha kama kibofu kimejaa, lakini jipu dogo inaweza kulikosa. Picha iliyo wazi zaidi hupatikana kwa kifaa chembamba kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu, kama tulivyosema, tezi iko nyuma tu ya ukuta ule mwembamba. Picha ya siti-skani husaidia kujua kama usaha umetoka nje ya tezi.

USAHA UNATOLEWAJE BILA KISU KIKUBWA?

Zamani daktari alipasua msamba na kulifikia jipu moja kwa moja. Upasuaji huo bado upo, kwa wale ambao usaha umeshaenea nje ya tezi. Kwa wengine kuna njia mbili nyepesi zaidi.

Ya kwanza ni sindano. Mgonjwa anapigwa ganzi. Kifaa cha ultrasaundi kinawekwa kwenye njia ya haja kubwa, daktari analiona jipu kwenye kioo, kisha anaelekeza sindano ndefu mpaka katikati ya jipu, ama kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa, ama kupitia ngozi ya msamba. Anavuta usaha. Pengine anaacha kimpira chembamba kiendelee kuutoa kwa siku chache. Faida yake ni kwamba hakuna kidonda kikubwa, na hata mzee dhaifu asiyeweza kuhimili nusukaputi anaweza kuvumilia. Upungufu wake ni kwamba usaha ukiwa mzito, au jipu likiwa na vyumba vingi, sindano inaweza kurudiwa mara ya pili au zaidi.

Ya pili ni kupitia njia ya mkojo. Mgonjwa huchomwa ganzi ya mgongoni, asisikie kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo anaingiza chombo chembamba chenye taa na kioo kupitia uume mpaka kwenye tezi. Kwenye ncha kuna waya mdogo wa umeme. Kwa waya huo anaondoa paa la jipu, na usaha unamwagika kwenye njia ya mkojo, unasafishwa na maji na kutoka. Hospitali nyingine hutumia leza badala ya waya. Njia hii inafaa jipu kubwa au lenye vyumba vingi, na mara nyingi huisha kwa mara moja. Nje ya mwili hakuna hata alama ya wembe.

Usaha uliotolewa haumwagwi wote. Kidogo hupelekwa maabara, vijidudu vioteshwe na kujaribiwa ni dawa gani inayoviua. Usisahau kuuliza, "Majibu ya usaha yalisemaje?" Siku hizi vijidudu vingi vimezoea dawa za kawaida, na kubahatisha ni kupoteza siku.

JE, KUNA HATARI?

Zipo. Sindano inaweza kuleta damu kidogo au kuingiza vijidudu kwenye damu, ndiyo maana antibiotiki hutangulia. Njia ya mkojo inaweza kuleta damu, na baadaye mwanamume anaweza kuona manii haitoki nje kama zamani, inarudi kwenye kibofu. Hiyo haimdhuru, lakini anayetaka watoto zaidi amwambie daktari mapema. Mara chache mtu hushindwa kuuzuia mkojo. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa haya yote kabla ya kutia sahihi.

Mkojo ukiwa umefunga, daktari anaweza kuamua kuweka mpira kupitia ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, badala ya kuulazimisha kupita kwenye tezi iliyooza. Jamaa wasishtuke. Mpira huo ni wa muda.

BAADA YA HAPO

Kutoa usaha ni nusu ya kazi. Antibiotiki huendelea kwa wiki kadhaa, mara nyingi wiki 4 hadi 6, kwa sababu dawa huingia polepole kwenye tezi hii. Kosa kubwa ni kuacha dawa wiki ya kwanza kwa vile homa imeisha na mifugo inangoja fora. Mtu arudi kupigwa picha, ihakikishwe jipu limefunga.

Mwezi wa Ramadhani ukikuta matibabu, mgonjwa azungumze na daktari na shehe wake, asiruke dawa kimya kimya. Vilevile mzee anayehofia udhu na swala akiwa na mpira amwulize imamu wake mapema. Tunajua wengine wamekataa mpira kwa sababu hiyo bila kumwuliza mtu.

Jambo jingine: kipimo cha damu cha saratani ya tezi dume, kiitwacho PSA, hupanda sana tezi ikiwa na usaha. Kikipimwa wakati huo na kuonekana juu, si lazima iwe saratani. Hurudiwa baada ya kupona.

SAFARI KUTOKA SERICHO

Tusidanganyane. Toka hapa hadi Isiolo mjini ni zaidi ya kilomita 150, na mvua kubwa ikinyesha njia inaweza kufungwa kwa siku nyingi. Upasuaji tuliouelezea haufanyiki dispensari. Unahitaji ultrasaundi, mtu wa ganzi na daktari mjuzi. Ngazi ni kituo cha afya cha hapa, kisha Garba Tulla, kisha hospitali ya rufaa ya Isiolo, na ikibidi Meru au Kenyatta, Nairobi. Kwa hiyo:

1. Usingoje mkojo ufunge. Homa pamoja na shida ya kukojoa ni sababu tosha ya kwenda kituo siku hiyo hiyo.

2. Mwombe mhudumu achukue mkojo wa kupima, kisha sindano ya kwanza ya antibiotiki ichomwe kabla gari halijaondoka. Saa za njiani ni nyingi.

3. Mkojo ukiwa umefunga, usimlazimishe mgonjwa kunywa maji mengi. Kibofu kifunguliwe kwanza, kituoni, kama kuna mtu anayejua.

4. Chukua barua ya rufaa, na mwombe mhudumu apige simu kuuliza kama daktari na mashine vipo. Kufika mahali na kuambiwa rudi wiki ijayo kunaua.

5. Beba karatasi zote za dawa alizokwisha kutumia.

6. Jiandikishe SHA sasa ukiwa mzima. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Anayejitegemea hupangiwa mchango kulingana na hali yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kadi ya zamani ya NHIF iliyo sandukuni haitakusaidia mlangoni.

KINGA

Chemsha maziwa, hata ya ngamia. Pima sukari angalau mara moja kwa mwaka ukifika miaka 40. Tibu kisonono pamoja na mwenzi wako. Mwenye mpira wa mkojo aubadilishe kwa tarehe aliyopewa na auweke safi. Mzee anayeamka mara nyingi usiku kukojoa asiseme ni uzee tu, aende apimwe. Na usinunue kapsuli mbili mbili dukani. Haziponyi jipu, zinalificha tu.

Kwa akina mama na vijana tunaongeza hili. Baba hatasema. Atasema kichwa kinauma, atasema ni baridi ya usiku. Mkimwona anatoka nje kila mara, anakaa upande mmoja, anakataa chai kwa kuogopa kukojoa, na mwili una moto, msimngoje aseme. Kama anamwonea aibu binti, atumwe kaka yake au rafiki wa rika lake aende naye kituoni. Mwanamume akiomba ahudumiwe na mwanamume mwenzake, hilo ni ombi la heshima, na wahudumu hulisikiliza wanapoweza.

Jipu likiwahiwa, wengi hupona na kurudi kwa mifugo yao. Likichelewa, hata daktari bingwa hana la kufanya. Mwenye kusoma hapa amsomee mzee asiyejua kusoma.